Kula Kwenye Usukani, Pembeni mwa Barabara au Segera: Kipi Kimfae Dereva wa Tanga?

Swali hili husikika sana pale stendi ya Kange, hasa alfajiri watu wanapojiandaa kwa safari ya Dar: "Hivi trafiki anaweza kuniandikia kwa sababu nakula huku naendesha?"

Jibu fupi ni kwamba Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, haina kifungu kinachosema dereva akila ametenda kosa. Haikutaja andazi, haikutaja hindi la kuchoma, wala haikutaja kikombe cha chai. Jibu hilo limewaponza wengi, kwa sababu sheria hiyohiyo inamtaka kila dereva aendeshe kwa uangalifu na awajali wanaotumia barabara pamoja naye. Kilichokatazwa ni uendeshaji wa hovyo, na mara nyingine chakula ndicho kinachouleta.

Kwa hiyo mwenye njaa na safari ana njia kadhaa: ale gari likitembea, alishwe na aliyekaa naye mbele, aegeshe pembeni, asimame mahali pa chakula, au ashibe kabla ya kuwasha gari. Hapa nimezilinganisha kwa sheria, usalama, muda na pesa. Msimamo wangu nausema mapema ili usije ukanitafuta mwishoni: kwa safari ndefu, kusimama kunazishinda njia nyingine zote, na mjini kula ukiendesha hakuna sababu yoyote. Ila zipo hali ambazo jibu halinyooki hivyo, nazo ndizo nitakazozikalia zaidi.

Sheria inavyosema hapa na kwa wenzetu

Trafiki anapokusimamisha, anachokuandikia lazima kiwe kosa lililomo kwenye sheria. Kula chapati si kosa. Kuendesha bila uangalifu ni kosa. Maana yake anachokiangalia ni jinsi gari lilivyokuwa likienda: limeyumba, limevuka mstari wa katikati, limechelewa kufunga breki kwenye kivuko, limempita mwenye baiskeli karibu mno. Kama gari limetulia kwenye njia yake na mwendo ni ule unaoruhusiwa, hoja ya kukuandikia inakuwa dhaifu. Lakini gari likiyumba mara moja tu mbele ya macho yake, nawe una sambusa mkononi, umempa kosa na ushahidi wake kwa pamoja.

Faini ya papo kwa papo kwa mwenye gari ni shilingi 30,000 kwa kosa. Kwa bodaboda na bajaji ilishushwa mwaka 2021 ikawa 10,000. Ila akigongwa mtu, habari ya faini ya barabarani imekwisha. Hapo ni mahakamani, na unaweza kupoteza leseni, ukafungwa, na ukabaki na damu ya mtu moyoni.

Wanaovuka Horohoro kwenda Mombasa hawatakuta tofauti kubwa. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, nayo ina kosa la kuendesha bila uangalifu na haikutaja chakula. Kilichotajwa kule ni simu: dereva akikamatwa anaitumia gari likitembea, faini ni shilingi 2,000 za Kenya.

Uingereza wamekwenda hatua moja mbele. Hawana kosa la kula, lakini kanuni ya 148 ya kitabu chao cha kanuni za barabara inataja kula na kunywa miongoni mwa mambo yanayomwondolea dereva umakini, pamoja na kusoma ramani na kufungulia muziki kwa sauti kubwa. Polisi akiona uendeshaji wako umeharibika anakuandikia kosa la kukosa uangalifu, na adhabu ni pauni 100 na pointi 3 kwenye leseni. Usidhani ni maneno matupu. Mwaka 2005 mwanamke mmoja wa kaskazini mashariki mwa nchi hiyo alitiwa hatiani kwa kukata kona akiwa ameshika tufaha. Mahakama ilimtoza faini ya pauni 60 na gharama za kesi juu yake, na polisi walikuwa wamefikia hatua ya kurusha helikopta kupiga picha za ushahidi. Wengi walisema wamezidisha, na kwa helikopta hiyo nakubaliana nao. Ila kosa lenyewe, la kuzungusha usukani kwa mkono mmoja kwenye kona huku mkono wa pili umeshika tunda, nalielewa.

Simu kule ina adhabu kubwa zaidi, pauni 200 na pointi 6. Na kwenye yale madirisha ambapo mtu ananunua chakula bila kushuka kwenye gari, tangu Machi 2022 dereva anaruhusiwa kulipa kwa simu ilimradi gari limesimama.

Marekani kila jimbo lina utaratibu wake. Mwaka 2015 dereva mmoja katika jimbo la Georgia aliandikiwa kwa kula baga akiendesha; habari ikaenea nchi nzima, kisha upande wa mashtaka ukaifuta kesi. Jimbo la Washington lilichukua njia ninayoiona ya busara. Tangu mwaka 2017, dereva aliyeshughulishwa na jambo lolote lisilo la uendeshaji, kula kukiwamo, anaweza kuongezewa faini ya dola 30, lakini pale tu aliposimamishwa kwa kosa jingine. Ukila huku unaendesha vizuri hawakugusi. Chakula kikikufanya upite taa nyekundu, unalipia taa na unalipia chakula.

Ukizipanga nchi hizi nne unaona zote zinauliza swali moja: gari lilikuwa likiendeshwaje? Kwa hiyo dereva anayeishikilia hoja ya "sheria haijakataza" anajibu swali ambalo hakuna aliyemuuliza. Swali lenyewe ni kama, kwa chakula alichokishika, bado anaweza kuendesha vizuri.

Kula gari likitembea

Faida yake inajulikana: husimami, hupotezi muda, hulipi bei ya hotelini. Hasara yake inapimika kwa mita. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari linakata mita 22 kila sekunde. Kwa 50, mwendo wa vijijini wenye vibao na tochi, linakata karibu mita 14. Mtu anayetazama chini kuokota kipande cha sambusa kilichodondoka mapajani hutumia sekunde 2 bila kujijua. Kwa 80 hizo ni mita 44, zaidi ya mabasi matatu yaliyopangana, na umbali wote huo gari limekwenda bila macho.

Vyakula navyo havilingani, na hapa ndipo ninapoachana na wanaosema kula ni kula. Chukua chungwa la Muheza, ambalo kwa njia yetu ndilo linalokufikia dirishani kabla ya kingine chochote. Muuzaji amekwisha kulimenya kwa kisu, ganda la kijani limetoka lote, umebaki weupe, na juu amelikata kifuniko. Unaona kazi imekwisha. Sasa mtazame dereva anavyolila: analikandamiza kwa vidole, maji yanamtiririka mpaka kwenye kiwiko, na ili alifyonze vizuri lazima ainue kidevu. Akiinua kidevu macho yake yako kwenye dari. Kisha atafute pa kutemea mbegu, ajifute kwenye suruali, arudi kwenye usukani unaonata. Ni tunda tamu kuliko yote ninayoyajua, na ni baya kuliko yote kwa mtu anayeendesha.

Hindi la kuchoma linataka mikono miwili kuligeuza, kwa hiyo usukani unaachiwa magoti. Nimewahi kufuatana na lori kutoka Kabuku ambalo dereva wake alikuwa na hindi mkononi: kila alipoligeuza lori lilisogea kulia kidogo, kisha likarudi, kisha likasogea tena. Mbele yetu palikuwa na watoto wa shule wakitembea pembeni. Hakuna aliyeumia, na dereva yule pengine alifika alikokuwa akienda akiamini ameendesha vizuri.

Chipsi mayai ni mbaya kwa sababu ya kijiti na tomato. Lazima utazame unapochoma. Mihogo yenye pilipili na ndimu ina hatari ambayo mtu haikumbuki mpaka imempata: mkono wenye pilipili ukifikicha jicho, umepofuka kwa dakika nzima. Chai na kahawa ya moto ikimwagika mapajani mwili unaruka wenyewe, na mguu hauchagui pa kukanyaga.

Vinavyovumilika ni vichache. Maji kwenye chupa yenye mdomo mdogo, iliyofunguliwa kabla gari halijaondoka. Ndizi iliyomenywa na kushikwa na mtu mwingine. Kashata iliyokatwa vipande vya kuingia mdomoni mara moja. Korosho na karanga zinaonekana salama, ila moja ikienda njia siyo unakohoa mpaka machozi, kwa hiyo mimi siziweki kwenye kundi hili. Na hivyo vichache viwe vya mchana, barabara imenyooka, huna gari unalolipita, hakuna kijiji mbele.

Aina ya gari nayo ina neno lake. Magari mengi madogo yanayotoka Japani ni ya otomatiki, na mkono wa kushoto unabaki bila kazi. Mwenye lori, Hiace ya gia au pikapu hana mkono huo. Kila mlima na kila tuta linamdai gia. Kwa dereva huyo kitu mkononi ni kosa linalosubiri tuta la kwanza.

Na gunzi au maganda usitupe dirishani. Halmashauri zina sheria ndogo za usafi, na anayekufuata kwa pikipiki hana kioo cha mbele.

Kulishwa na aliyekaa mbele

Mama watoto anakatia chapati vipande, konda anampa dereva wake andazi. Kwa mikono njia hii ni bora kuliko ile ya kwanza, na kwa sheria huna kinachoonekana mkononi. Ila inafanya kazi kwa masharti mawili. Kwanza, anayelisha ndiye anayetazama barabara na kuchagua wakati. Dereva akianza kuomba na kugeuka, umuhimu wote umepotea. Pili, asilishe mtu wa kiti cha nyuma, maana mkono unaopita begani unamfanya dereva ageuze shingo. Kwa familia inayokwenda Dar na inataka kuwahi, nikilazimika kuchagua kati ya hii na ile ya kwanza, nachagua hii bila kusita.

Kuegesha pembeni

Watu wengi huiona kuwa njia salama kwa sababu gari limesimama. Mimi naiweka chini kuliko wanavyoiweka. Barabara ya Segera kwenda Chalinze inapitisha malori ya Arusha, Moshi na Tanga yote kwa pamoja, na sehemu nyingi pembeni yake ni pembamba. Ukiegesha nusu ya gari ikabaki kwenye lami, au ukasimama karibu na kona au kileleni mwa kilima, umetenda kosa jingine ambalo trafiki hahitaji ushahidi wa chakula kukuandikia. Usiku ndiyo usithubutu.

Kama imebidi, toka kabisa kwenye lami, washa taa za tahadhari, weka pembetatu nyuma ya gari kwa umbali wa kutosha, na abiria washukie upande wa majani. Ukihesabu muda wa kufanya hayo yote kisha ukale kwa wasiwasi kila lori likipita, utaona kituo cha mafuta kilichokuwa mbele yako kilikuwa karibu zaidi ya ulivyodhani.

Kusimama mahali pa chakula

Segera ndiyo njia panda ya safari zetu: kushoto Dar, kulia Korogwe na Arusha. Basi likipunguza mwendo tu, wauzaji wamefika dirishani na mayai ya kuchemsha, chumvi imefungwa kwenye kikaratasi, maji, korosho, machungwa kwenye nyavu nyekundu. "Kaka, machungwa! Dada, yai la moto!" Kwa abiria huo ni urahisi. Kwa dereva wa gari dogo ni mtego, kwa sababu ananunua dirishani, anaondoka, na anakula akiwa kwenye 80. Ukishasimama Segera, zima gari, shuka, kaa kwenye kiti.

Kwa mtu aliyetoka Tanga bila kunywa chai, Segera inamfaa. Kwa aliyekunywa chai nyumbani inakuja mapema mno. Njaa bado haijauma, na akilazimisha kula pale atakuwa na njaa tena baada ya Wami. Huyo namshauri asogee mpaka Mkata au Msata. Msata ina faida ya pekee: hapo ndipo unapoamua kama utaendelea Chalinze au utakata kushoto, kilomita 64 za lami mpaka Bagamoyo, uingie Dar kwa upande wa Bunju na Tegeta. Ni uamuzi unaofanywa vizuri zaidi mezani, simu ikiwa mkononi kuuliza foleni za Kibaha, kuliko unapofanywa njia panda na basi limekuandama nyuma.

Waingereza katika kitabu kilekile cha kanuni wanashauri dereva apumzike angalau dakika 15 kila baada ya saa mbili. Tanga hadi Dar ni karibu kilomita 350, kwa hiyo hata ukiamua kusimama mara mbili, hufanyi anasa; unafanya kile ambacho mwili wa dereva ulikuwa unakihitaji hata kama tumbo limeshiba. Hii ndiyo hesabu inayowapita wanaosema kusimama ni kupoteza muda. Dakika 20 ulizokula mezani zimefanya kazi mbili. Dakika 20 ulizokula ukiendesha hazikukupumzisha, na kwa njia yenye vibao vya 50 kila kijiji, huna hata pa kuzizidishia faida.

Kwa pesa, kweli hotelini ni ghali kuliko kubeba vya nyumbani. Basi beba vya nyumbani na ule hapohapo, uagize chai tu. Sehemu nyingi za njiani hakuna atakayekufukuza ukiagiza chochote. Na ukitaka kulinganisha bei, ilinganishe na 30,000. Kwa pesa hiyo watu wanne wanaagiza wali na samaki.

Kushiba kabla ya kuondoka

Ni njia ya bei nafuu kuliko zote na haina tatizo la sheria, lakini inategemea umekula nini. Ugali wa saa saba mchana kisha usukani wa saa nane, jua limekaza, ni usingizi wa uhakika. Anayeondoka mchana ale kiasi, anywe maji, abakishe chakula kikubwa cha kule anakokwenda. Anayeondoka alfajiri ana bahati: chai, mkate au vitumbua viwili, na anafika Mkata bado yuko vizuri.

Ila kuna wanaopitiliza upande wa pili, wanaoshinda na njaa mpaka wafike. Hilo nalo si jema. Mwenye njaa kali ana hasira barabarani, analipita gari pasipopitika, na kichwa kinamuuma jioni wakati ambapo macho yanatakiwa kufanya kazi zaidi.

Magharibi ya Ramadhani

Hapa ndipo ulinganisho unapokuwa mgumu, na ndipo naona madereva wetu wanahitaji kusemezana zaidi. Tanga na Bagamoyo ni miji ya waliofunga. Saa kumi na mbili na nusu hivi jioni, utakuta kwenye barabara moja dereva aliyekaa tangu alfajiri bila tone la maji, mwingine anayekimbizana na adhana afike kwa watoto wake, na wa tatu amekwisha kufungulia tende kwenye usukani.

Mazingira yenyewe hayasaidii. Anayetoka Tanga kuelekea Segera jioni anaelekea magharibi, na jua linamkaa machoni mpaka linapozama. Likizama, giza linaingia kwa haraka, taa za baiskeli hakuna, na watu wa vijijini wanavuka barabara kwenda msikitini. Ni katika dakika hizohizo mkono unatafuta tende.

Njia ya kwanza ni kufungulia ukiendesha, na waifanyao wana hoja ya dini: kuharakisha kufungua ni sunna. Ni kweli. Lakini sunna haikusema ufungue ukiwa kwenye mwendo, na anayesimama kwa dakika 2 hajachelewesha kitu. Tofauti ya hatari ni kubwa, tofauti ya muda haihesabiki. Kama adhana imekukuta mahali ambapo huwezi kusimama kwa usalama, maji mafunda mawili kutoka kwenye chupa iliyokwisha kufunguliwa yanatosha kufungua saumu. Tende na sambusa zisubiri. Tende isiyotolewa kokwa, kwenye giza, na kokwa huna pa kuiweka, ni shughuli ya mkono mzima.

Njia ya pili ni kupanga safari ili magharibi ikukute mahali pa watu. Angalia saa ukiwa bado mjini, ujue adhana itakukuta Muheza, Segera au Kabuku. Misikiti ya kando ya barabara inafungulisha wapita njia. Utakuta tende, uji wa pilipili manga, maji, na watu wanaokusogezea nafasi kwenye mkeka bila kukuuliza umetoka wapi. Unafungua, unaswali, unapata na dakika za kupumzika. Hakuna hoteli itakayokupa hivyo vitatu kwa pamoja. Kwa mwenye nafasi ya kupanga, hii ndiyo yangu.

Njia ya tatu wengi hawapendi kuitaja, nayo ni ruhusa. Sura ya al-Baqara, aya ya 184 na 185, imempa msafiri nafasi ya kula na kulipa siku nyingine. Masharti yake waulize masheikh wako. Mimi si mwalimu wa fiqhi. Ninachojua kwa upande wa barabara ni kwamba dereva wa lori mwenye safari ya siku nzima, aliyebeba tani za saruji ya Pongwe, akihisi macho yanafifia saa tisa alasiri, mzigo huo hauko juu yake peke yake. Kuna roho nyingine mbele yake na nyuma yake.

Mjini, na wenye pikipiki

Ndani ya Tanga sioni cha kulinganisha. Ngamiani ina barabara zake zenye namba, ya 1 mpaka ya 21, na kila hatua chache kuna makutano. Mji huu una baiskeli nyingi, na nyingi zinaendeshwa na wazee na wanafunzi wanaokata kona bila ishara. Pa kusimama pako kila mahali, safari ni fupi, na chakula kiko kila kona. Anayekula huku anaendesha kutoka Chumbageni hadi Kange hana hoja ya muda wala ya umbali.

Bodaboda na bajaji, jambo ni kali zaidi. Pikipiki breki ya mbele iko mkono wa kulia pamoja na mafuta, na klachi iko kushoto kwa zile zenye klachi. Mkono wowote utakaoutoa umeacha kazi. Halafu kofia ngumu lazima ifunuliwe ili ule, au uwe hukuivaa, na hapo unahesabiwa makosa mawili. Vijana wengi wanakula hivi kwa sababu wanaogopa kupoteza abiria. Kwa nafasi ya abiria mmoja, kaa kijiweni dakika 5 ule. Mwenzako akipata huyo, wewe utapata anayefuata.

Ukisimamishwa na chakula mkononi

Punguza mwendo polepole, toka barabarani, weka chakula chini kabla hujashusha kioo, kisha zima injini. Msalimie. "Shikamoo afande" au "habari za kazi" haikupunguzii kosa, ila inaweka mazungumzo mahali pazuri. Muulize kosa ni lipi, na usikilize anavyolieleza. Akisema "unakula," mwombe kwa adabu akueleze uendeshaji wako ulikuwa na tatizo gani: uliyumba wapi, ulivuka nini. Kama ni kweli uliyumba, unajua mwenyewe, pokea.

Ukikubali kosa, unaandikiwa na kupewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki. Usitoe pesa mkononi. Ukiona hukutenda kosa una haki ya kukataa na kupelekwa mahakamani, na hapo kamera ndogo ya kwenye kioo inasaidia sana, kwa sababu itaonyesha kama gari lilikuwa kwenye njia yake. Kama kamera yenyewe inaonyesha mstari wa katikati ukipita chini ya tairi la kulia, lipa.